Aliitwa Mara Tatu

Saa mbili kasorobo asubuhi mpiga chapa alikuwa amekwisha kuketi kwenye benchi la mbao, katika ukumbi mwembamba wa Baraza la Rufaa za Mafao. Bahasha ya kaki ilikuwa mapajani. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi na mkewe mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mke hakuridhika na kola. Alikuwa amechagua benchi linaloelekeana na mlango wa chumba cha kusikilizia mashauri. Hesabu yake ilikuwa rahisi: karani akitokea mlangoni kuita, yeye atamtazama mdomo.

Mkewe alitaka kumsindikiza. "Niende nawe, mzee wangu, nikukalie karibu tu."

"Mimi si mtoto wa kupelekwa shule," alijibu, na jibu hilo akalitoa kwa sauti iliyosikika mpaka nyumba ya tatu, kwa maana siku hizi hakuwa na kipimo cha sauti yake mwenyewe.

Watu waliingia wakajaza mabenchi. Mwalimu mstaafu mwenye fimbo, mjane aliyebeba picha ya marehemu askari wake, dereva wa zamani wa gari la wagonjwa. Mlango ule haukufunguliwa na karani hata mara moja. Lakini kila baada ya muda mtu mmoja alinyanyuka ghafla, akajifuta uso, akaingia. Mpiga chapa aliwatazama kwa mshangao. Walijuaje? Alidhani pengine wote walikuwa wameelezwa saa zao, naye saa yake haijafika. Akatulia. Alikuwa mtu wa kungoja. Miaka ishirini na sita alingoja wino ukauke.

Kilichokuwa kikiwaita ni kipaza sauti kilichofungwa ukutani, kiasi cha mkono mmoja juu ya kichwa chake. Saa nne na dakika kumi kilisema: "Shauri namba arobaini na moja." Kikataja na jina lake kamili, la kwake, la baba yake na la babu yake. Mwalimu mwenye fimbo aligeuka huku na huku kutafuta ni nani huyo. Kikarudia. Kikarudia tena. Kisha kikaita arobaini na mbili.

Ilipofika saa saba walibaki yeye na mwanamke anayepiga deki. Mwanamke alimwonyesha kwa ishara ainue miguu. Akainua. Halafu akainuka kabisa, akaenda dirishani kwa karani, akapenyeza bahasha yake.

Karani, kijana mwenye tai iliyolegea, alikuwa anafungua chakula chake. Aliangalia namba, akasema kitu. Mpiga chapa alishika neno moja tu mdomoni mwake: tatu. Akashukuru, akaenda kutafuta chumba namba tatu. Kilikuwa stoo ya viti vibovu. Akarudi.

"Chumba namba tatu kimefungwa," alisema.

Watu wa ofisi za ndani waligeuza shingo, kwa sauti ile. Karani akaweka kijiko chini, akavuta kipande cha karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: UMEITWA MARA TATU. HUKUFIKA. SHAURI LIMEFUTWA. Akafikiri kidogo, akaongeza: OMBI LA KULIREJESHA SIKU 30.

"Lakini mimi niko hapa tangu saa mbili," alisema mpiga chapa. "Muulize mama anayepiga deki. Niko hapa."

Karani akainua mabega. Hakuwa mtu mbaya. Chakula kilikuwa kinapoa.

* * *

Nyumbani alimwambia mkewe shauri limeahirishwa.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, akishona sare za shule, kazi iliyowalisha tangu mume aachishwe kazi. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Limeahirishwa mpaka lini?"

Lakini mume alikuwa amekwisha kumpa mgongo, anavua viatu.

Walikaa kwenye mstari wa nyumba zilizoegemeana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Wahenga walisema kuta zina masikio; kuta hizi zilikuwa na masikio, na midomo pia. Tangu mume azibe masikio, kila alichotaka kuambiwa kilibidi kipigiwe kelele, na kila kilichopigiwa kelele kilikuwa mali ya mtaa. Siku moja mke alimuuliza kama dawa ya tumbo imemsaidia choo. Kesho yake jirani aliyekuwa anaanika nguo alimpungia mkono mume kwa furaha: "Shemeji! Vipi, mambo yamelainika?" Mume hakusikia, akampungia naye. Mke ndiye aliyesikia.

Tangu hapo alipunguza maneno. Mambo ya kupigiwa kelele katika ndoa ni machache: chakula tayari, mvua inakuja, funga mlango. Yale mengine hayapigiwi kelele. Ukiyapigia kelele yanaharibika, yanakuwa ugomvi au aibu. Basi yale mengine yakabaki kifuani mwake. Alikuwa mwanamke wa kuongea, aliyezoea kupika huku anasimulia, kushona huku anasimulia; sasa aliisimulia cherehani.

Mume aliona midomo ya mkewe imetulia, akadhani amechokwa. Hakumlaumu. Angekuwa yeye angechoka zamani. Binti yao, aliyeolewa mbali, alipopiga simu Jumapili, mke alimkabidhi baba simu, naye akaiweka sikioni na kusema, "Haya, binti yangu. Haya, mama. Msalimie mwenzio." Akairudisha kabla binti hajamaliza swali. Kwa mtu wa nje, ilikuwa nyumba yenye amani kubwa.

Asubuhi zilizofuata mume alivaa, akaaga, akasema anakwenda kufuatilia. Hakufuatilia kitu. Aibu ilikuwa imemfunga miguu: aingie tena mle, aseme tena mbele ya watu kwamba aliitwa akiwa amekaa, hakusikia? Alikwenda kwenye Kiwanda cha Uchapaji cha Serikali, akazunguka mpaka ukuta wa nyuma, ule usio na madirisha, akakaa juu ya kijiwe na kuegemea.

Ndani ya ukuta ule kulikuwa na mashine aliyoiendesha miaka kumi na minne ya mwisho. Ilipoletwa, wafanyakazi waliibatiza jina la Mheshimiwa, kwa sababu ikianza kusema hainyamazi na haimsikilizi mtu. Ilichapa fomu, risiti, mitihani, vitambulisho, hata fomu ya Bodi ya Mafao ambayo mpiga chapa aliijaza kuomba pensheni ya kuumia kazini. Vifuniko vya masikio viliombwa kila mwaka. Mwaka mmoja vililetwa viwili, kwa watu kumi na wanane, vikafungiwa kabatini kwa ajili ya wageni wakaguzi.

Masikio hayakumsaidia kitu pale ukutani. Lakini mgongo ulisikia. Mheshimiwa akianza kazi, mtetemo ulipita kwenye matofali ukamwingia mbavuni, naye akajua hii ni karatasi nzito, hii ni nyepesi, hapo wamesimama kubadilisha wino. Saa sita walipozima mashine, alinyanyuka akarudi nyumbani.

* * *

Siku ya kumi na tisa tangu shauri lifutwe, tarishi wa Bodi alileta barua. Mume hakuwepo. Mke alitia saini, akaifungua, kwa kuwa barua za serikali nyumbani mwao alizisoma yeye kwanza.

"Kwa kuwa rufaa yako ilifutwa kwa sababu ya kutohudhuria kwako," ilisema, "Bodi inakusudia kulifunga jalada lako. Unatakiwa kufika kuchukua marejesho ya michango yako. Hutastahili malipo mengine yoyote."

Alisoma neno kutohudhuria akalikumbuka shati jeupe. Akasoma tena.

Mume aliporudi, mke alijitanda khanga, akamshika mkono, akamwonyesha njia kwa kidevu. Wakapita katikati ya majirani, wanatembea kama watu wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa. Wakavuka barabara, wakakata nyuma ya machinjio ya zamani, mpaka uwanja wa maonyesho uliokuwa umetelekezwa, ambako hakukuwa na kitu ila majani, nguzo za mabanda, na mbuzi watatu waliofungwa kamba. Mke akaangalia pande zote nne. Akamgeuza mume amtazame. Akavuta pumzi.

"Ulisema limeahirishwa!"

Mbuzi waliinua vichwa. Mume aliona barua mkononi mwake, akajua.

"Kwa nini hukuhudhuria? Nilikupigia pasi shati mara mbili! Ulikwenda wapi?"

"Nilihudhuria."

"Hapa wameandika hukuhudhuria!"

"Nilihudhuria kuliko wote. Niliwahi kuliko wote. Wanaitia kwenye kipaza sauti. Kilikuwa juu ya kichwa changu. Ningekuambiaje? Nikuambie nimekwenda kwenye kesi ya uziwi, nimeitwa mara tatu, sikusikia?"

Mke alifungua mdomo amjibu. Badala ya jibu kikatoka kicheko, kikamshinda, akainama ameshika magoti. Mume alimtazama, hakujua kama anacheka au analia, mpaka alipoinua uso, akaona ni vyote viwili.

"Siku zote hizi ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani, mzee wangu? Huna kazi!"

"Nakaa ukutani. Kwa nje."

Upepo ulipita majanini. Mke alipenda kumuuliza mengi, lakini koo lilikuwa limeanza kukwaruza, na maswali mengine ni dhambi kuyapigia kelele hata mbele ya mbuzi. Mume akatoa mfukoni kikaratasi cha karani; mke akakisoma, akahesabu, akainua vidole vyake kumi, kisha kimoja.

"Siku kumi na moja!" alisema. "Na safari hii nakwenda nawe. Ukitaka usitake."

* * *

Dirishani kulikuwa na karani yuleyule. Mke aliweka ombi la kurejesha shauri kwenye fomu ya serikali, ameliandika mwenyewe kwa mwandiko wa mshonaji, mistari imenyooka kama pindo. Karani alilisoma, akamtazama mume aliyesimama nyuma, akamwambia mwenzake wa meza ya pili:

"Ndiye huyu. Sikio la kufa halisikii dawa."

Mwenzake akacheka pembeni ya mdomo. Mume, alipoona watu wanacheka, akatabasamu na kuwainamishia kichwa kwa heshima. Mke aliona tabasamu lile, likamchoma kuliko methali yenyewe.

"Mwanangu," alimwambia karani, taratibu, "masikio yake yako kwenye hiyo fomu uliyoishika. Aliichapa yeye. Gonga muhuri."

Karani akagonga muhuri.

Walipewa tarehe ndani ya wiki moja. Chumba cha kusikilizia kilikuwa kidogo kuliko walivyodhani. Meza ndefu, mwenyekiti mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, wajumbe wawili, na upande wa kulia wakili wa Bodi, mwanamume mwembamba aliyebeba majalada mengi ya watu wengine pamoja na la kwao. Mume aliketishwa kwenye kiti cha mrufani. Mke aliambiwa akae nyuma, kwenye kiti cha watazamaji.

Wakili alianza kwa utulivu. Bodi haina pingamizi shauri kurejeshwa, alisema, maadamu wote wapo lisikilizwe leo leo liishe. Lakini rufaa yenyewe haina miguu. Daktari wa Bodi alimpima mrufani na kumhoji. Akasoma ripoti: "Mgonjwa alijibu maswali yote bila shida. Alipoulizwa kama kuna uziwi katika ukoo wake, alijibu ndiyo. Alipoulizwa kama tatizo lilianza utotoni, alijibu ndiyo." Akaweka karatasi chini. "Maneno yake mwenyewe, mheshimiwa. Uziwi wa kurithi. Kazi haihusiki."

Mwenyekiti alimgeukia mume. "Mrufani, unakubali kwamba ndivyo ulivyomwambia daktari?"

Mume aliona macho yamemgeukia. Aliona miwani, aliona mdomo unasogea. "Ndiyo, mheshimiwa," alisema, kwa sauti iliyojaza chumba.

"Hajasikia!" Mke alikuwa amesimama.

"Mama, kaa."

"Hajasikia swali, mheshimiwa! Hivyo ndivyo anavyofanya! Mkubwa akimuuliza kitu anasema ndiyo, asije akaonekana mjinga. Muulizeni kama yeye ni mrembo kuliko mimi, atasema ndiyo!"

Mjumbe mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti alimtazama mke, akamtazama mume. Akachukua jalada, akaliinua mpaka likafunika mdomo wake, na nyuma ya jalada akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mrufani, ni kweli kwamba jengo hili la serikali ni mali yako, na sisi sote hapa ni wapangaji wako?"

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema mpiga chapa.

Chumba kilicheka. Wakili alicheka, wajumbe walicheka, hata askari wa mlangoni. Na mume, alipoona meno ya watu, akacheka nao, akitikisa mabega, akigeuka kulia na kushoto ili kila mtu aone kwamba naye ameelewa. Alicheka peke yake kwa muda kidogo baada ya wenzake kumaliza.

Hakuna aliyecheka tena siku ile.

Mwenyekiti aliteremsha jalada. "Mama," alisema, "njoo ukae mbele yake. Maswali yatapita kwako. Neno kwa neno, usiongeze, usipunguze."

Mke alisogeza kiti. Wakakaa wakitazamana, magoti yanakaribia kugusana, kwa ukaribu ambao hawakuwa nao kwa miaka. Aliona mvi kwenye nyusi za mumewe, hakujua zilianza lini. Akamwapisha kwa midomo yake mwenyewe.

Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Katika ukoo wake hakuna kiziwi. Utotoni alisikia vizuri, alikuwa mwimbaji. Alipoulizwa ni nini kilichomharibia masikio, alijibu, "Ni Mheshimiwa," mwenyekiti akashtuka, ikabidi mke aeleze kwamba hilo ni jina la mashine. Kwa nini hakuripoti? Kwa sababu mwenzake aliyeripoti alihamishiwa kufagia, akapunguziwa mshahara, na mwaka uliofuata akaambiwa hafagii vizuri.

Wakili aliinuka tena. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu anayefanya kazi yake. "Muulize ni lini aligundua hasikii."

Mke aliuliza.

"Miaka kumi na moja," alisema mume. "Nilikuwa nimepanga karatasi, nikaona mwenzangu ananikimbilia, mdomo wazi. Kumbe ananiita muda wote, mkono wake umebanwa. Sikusikia. Vidole viwili viliondoka. Tangu siku hiyo nilijua."

"Na mkewe alijua lini?"

Mke akalipitisha swali. "Anauliza, mimi nilijua lini."

"Wewe? Nilipoachishwa kazi. Miaka miwili."

"Muulize," alisema wakili, "alimfichaje mkewe jambo hilo kwa miaka tisa, katika nyumba ya vyumba viwili. Mtu anayeweza kumficha mkewe miaka tisa, Baraza limwamini vipi?"

Mke alimtazama mumewe usoni. "Ulinifichaje?" aliuliza. "Miaka tisa."

Mume aliangalia mikono yake, kisha akarudisha macho kwenye midomo ya mkewe, kwa sababu hakuwa na pengine pa kuyaweka.

"Nilikutazama mdomo. Ukiwa mbele yangu nilishika nusu, nusu nilibuni. Ulikuwa unaongea sana, kubuni haikuwa kazi. Nikicheka unapocheka, inatosha."

"Na nikiwa nyuma yako?"

Wakili hakuwa ameuliza hivyo. Mwenyekiti aliinua kichwa. "Mama, swali hilo halikuulizwa."

"Najua, mheshimiwa." Hakuyaondoa macho. "Nikiwa nyuma yako?"

"Nyuma yangu hakuna kitu," alisema mume. "Ukiwa nyuma yangu nilikuwa naendelea na kazi niliyokuwa nayo."

Mikono ya mke ilitulia mapajani. Wakili alingoja, wajumbe walingoja.

"Mama," alisema mwenyekiti kwa upole, "tunahitaji jibu liandikwe. Amesema nini?"

Wote walikuwa wamesikia, mpaka ukumbini. Lakini utaratibu ni utaratibu. Mke akaligeukia Baraza.

"Amesema alikuwa hanisikii," alisema.

Baraza lilitoka kwa saa moja. Liliporudi, mwenyekiti alisoma polepole, na mke akapitisha. Uziwi umetokana na kazi. Ripoti ya daktari haiwezi kutegemewa. Mrufani atalipwa pensheni ya kuumia kazini. Hata hivyo, kwa kuwa alificha hali yake, atalipwa kwa kiwango cha chini, kuanzia siku alipoomba, si siku alipoumia.

"Tumeshinda?" aliuliza mume.

Mke aliitikia kwa kichwa.

Wakili, akipita na majalada yake, alisimama karibu nao. "Sitaishauri Bodi ikate rufaa," alimwambia mke. "Mwambie." Mke akamwambia. Mume akasimama, akamshika wakili mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa sauti ya kupasua dari.

* * *

Njiani mume aliongea mfululizo. Alisema watanunua kile kifaa cha kuvaa sikioni, hata kama cha kawaida. Alisema atampigia binti simu, naye safari hii atasikiliza mpaka mwisho. Mke alitembea hatua moja mbele. Mara mbili mume alimpita ili amwone uso, na mara zote mbili mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Walipofika, mke hakuvua khanga. Alivuta kigoda mpaka dirishani penye mwanga, akamkalisha, naye akakaa kwenye kiti cha cherehani. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo kabisa, sauti ya siku za zamani, lakini midomo akiifungua pole pole, neno moja baada ya jingine.

"Unakumbuka ulipotengeneza kitasa cha chumba kidogo?"

"Kitasa kipi? Kimeharibika mara nyingi."

"Miaka minane sasa. Ulikuwa umepiga magoti mlangoni na bisibisi. Mimi nilisimama nyuma yako."

Mume aliacha kutabasamu.

"Nilikuambia, mama yangu hawezi tena kukaa peke yake. Nilikuambia, nataka tumlete, alale humu. Nilikuwa nimejipanga siku tatu jinsi ya kukuambia. Wewe ukaendelea kukaza skrubu. Nikangoja. Ukainuka, ukajaribu mlango, ukanipita, ukacheka, ukauliza kama chai ipo."

"Chai," alisema mume.

"Nikajua ndilo jibu lako. Sikukuuliza tena. Nikampeleka kwa kaka. Waliweka godoro lake kwenye chumba cha magunia. Hakumaliza mwaka." Akapanga midomo yake tena. "Mazikoni ulilia kuliko mimi. Nikasema moyoni, huyu mwanamume ni mnafiki. Miaka minane nimekupikia, nimekufulia, nimekupigia pasi, na neno hilo liko hapa." Akagusa kifua.

Mume alitafuta. Alipita katika vitasa vyote alivyowahi kutengeneza, katika asubuhi zote, akimtafuta mwanamke aliyesimama nyuma yake. Hakumwona. Hakukuwa na kitu cha kukumbuka. Palikuwa na bisibisi, na skrubu, na hamu ya chai.

"Rudia," alisema.

"Umesikia."

"Nimesikia. Rudia ulivyoniambia siku ile."

Mke alitazama nje kidogo, kisha akamrudia. "Nataka tumlete mama. Alale humu."

"Mlete," alisema mpiga chapa. "Chumba kipo. Kilikuwa hakina kitu, kilikuwa kitupu. Ningebeba kitanda mwenyewe. Mlete."

Mke alifunika uso kwa ncha ya khanga. Mume alinyoosha mkono, ukafika kwenye meza ya cherehani, ukabaki hapo juu ya kitambaa cha sare. Hakuona midomo yake chini ya khanga, kwa hiyo hakujua kama anasema neno au hasemi.

Nje habari ilikuwa imekwisha kufika. Majirani walikusanyika barazani, sauti za hongera zikapenya ukutani, mtu akapiga kigelegele, mwingine akagonga mlango kwa kiganja, akiita, "Shemeji! Fungua bwana, tuwapongeze!" Mume hakusikia. Mke alisikia, na hakuinuka.